Benchi la Urefu wa Felisian

Mume wangu Felisian hakuwahi kwenda mahali bila sababu. Maisha yake yote aliendesha lori la pamba, kutoka vijijini hadi kwenye vinu vya Bunda, na kama si pamba basi mbegu, na kama si mbegu basi kuna mtu kamwagiza spea. Hata harusini alifika akiangalia saa. Kwa hiyo siku aliponiambia kwamba anataka kusafiri ziwani kwa tanga, polepole, akifuata ufuko kutoka hapa Mwisenge mpaka Kibara, ale huku, alale kule, nilimwuliza anakwenda kuchukua nini.

"Sichukui kitu, Mama Gody."

"Unapeleka nini?"

"Sipeleki. Natembea tu."

Niliweka sufuria chini. Mimi ni mtu wa Butiama. Kwetu ni ng'ombe na mtama, na maji tunayajua ya kunywa na ya kuoga. Lakini hata hao watu wa ziwa, miaka yote niliyoishi nao, sijawaona wakipanda mtumbwi kwa ajili ya kutembea. Wanavua, wanapeleka mihogo gulioni, wanawahi msiba, wanaleta bibi harusi. Nikamwambia kama anataka kutembea, barabara ipo, na miguu Mungu alimpa.

"Nimefika kila mahali," akasema, "na sijaona hata mahali pamoja. Nilikuwaga naangalia barabara tu."

Maneno hayo yalinigusa, sikatai, ila sikuyaelewa. Nikadhani ni uzee, au ni kustaafu. Mtu aliyezoea kelele za injini ukimwacha na ukimya, kichwa kinaanza kumtafutia kazi.

Mtumbwi ulikuwa wa binamu yake, Wenceslaus, mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawaingii majini, wanashona nyavu na kulala mchana. Felisian aliuomba mtumbwi kwa siku hizo za mwezi mkubwa, kiangazi hiki, na Wenceslaus alikuja mwenyewe nyumbani kuuliza vizuri.

"Unaenda kuvua?"

"Hapana."

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Unagombea udiwani?"

"Wenceslaus, natembea. Nataka kuona ufuko wetu."

Wenceslaus alinitazama mimi. Nikainua mabega. Akakubali, akanywa chai yake, na alipoondoka alimshika Felisian mkono muda mrefu kuliko kawaida. Wakati huo sikulitilia maanani.

Jambo moja nililijua, na hilo ndilo lililokuwa moyoni mwa mume wangu hata kama hakulitaja. Kwenye njia hiyo, ukishapita Bukima, kuna mwalo wa kijiji chao, pale mitumbwi inapotia nanga, na juu ya mwalo kuna nyumba ya dada yake mkubwa, Pelagia. Pelagia hakuwa amesema naye tangu mama yao alipofariki. Mama alikuwa akiishi nasi Kiabakari enzi zile tukikaa huko, na alifia mikononi mwangu katikati ya masika. Barabara ya kwao ilikuwa imekatika. Pelagia akatuma neno kwamba kaburi limeshachimbwa, mama aletwe kwa maji. Felisian akashuka mpaka ziwani, akaona mawimbi, akaogopa kumweka mama yake kwenye mtumbwi. Akamjibu Pelagia kwamba barabara haipitiki, akamzika mama Kiabakari, nyuma ya nyumba yetu.

Sasa kwao kaburi likishachimbwa haliachwi wazi wala halifukiwi hivi hivi, maana litadai mtu. Huzikwa mgomba ndani yake. Pelagia aliuzika mgomba akiwa amejifunga khanga ya msiba, na waliokuwepo walimsikia akisema, "Humu amelala Felisi." Tangu siku hiyo kwake mdogo wake ni marehemu. Felisian akipiga simu haipokelewi, na akituma salamu zinarudi kama zilivyokwenda.

"Na kwa Pelagia utashuka?" nikamwuliza.

"Akiniruhusu nitashuka. Asiponiruhusu nitapita nikiangalia nyumba."

Basi akaanza kupanga. Alipiga simu kwa ndugu wote wa ufukoni kuwaambia anakuja kuwaona mmoja mmoja, kwa mtumbwi, bila haraka. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo, na mimi nikiwa nimekaa pembeni nachambua maharage nikasikia yote.

Wa kwanza alikuwa Nicolaus wa Bwasi, mtoto wa baba yake mdogo. Felisian alimweleza. Sauti ikatoka kwenye simu imelegea kabisa.

"Kaka, kabla hujafika, nina neno. Ile baiskeli yako ya zamani haikuibiwa. Niliichukuaga mimi. Nisamehe."

Felisian aliiondoa simu sikioni akaitazama. "Baiskeli yangu? Ile ya kijani?"

"Nisamehe, kaka. Usiondoke na hilo moyoni."

"Kuondoka nitaondokaje nayo na baiskeli unayo wewe!" Akakata simu, akaanza kuzunguka sebule. Alikuwa na hasira ya baiskeli ya ujanani kana kwamba imeibiwa asubuhi ile.

Wa pili alikuwa shangazi Miriamu wa Kibara. Yeye hakuungama kitu, alilia tu. Alilia, akasema Mungu yupo, akasema amechagua mbuzi mweupe, akauliza kama bado anaweza kutafuna. Felisian akajibu kwamba meno yake yapo. Shangazi akalia zaidi.

"Mama Gody," akaniuliza, "kwetu wamepatwa na nini?"

Sikujua. Nilichojua ni kwamba wiki chache nyuma alikwenda hospitali kupima, akarudi akasema presha imepanda kidogo, apunguze chumvi. Aliniambia hivyo tu. Na sasa simu za namna ile. Nikaanza kumwangalia anavyokula, anavyopanda ngazi, anavyokohoa. Nikamwona amekonda, kumbe alikuwa amevaa shati la Gody, mwanetu, ambalo ni pana.

Halafu likaja suala la benchi. Mgongo wa Felisian umeharibiwa na lori. Kwenye mtumbwi kuna mbao za kukalia tu, na yeye alitaka mahali pa kujinyoosha, aegemee, miguu iwe mbele, aangalie ufuko ukipita. Akaenda kwa Luhende, fundi seremala hapo jirani, akamwagiza benchi refu lenye egemeo upande wa kichwa. Luhende ni mtu wa kazi safi, habahatishi vipimo. Akamwambia mzee alale juu ya mbao, palepale mbele ya karakana, kando ya barabara, asubuhi watu wakienda sokoni. Felisian akalala chali, mikono kifuani kwa sababu hakujua aiweke wapi. Luhende akampima kwa futi, kichwa mpaka kisigino, kisha mabega.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa dukani kwangu, nauza nguo za watoto. Lakini nilishangaa jinsi siku hiyo wateja walivyonipokea. Mwanamke mmoja ambaye kila siku hupunguza bei mpaka nataka kumpiga, alinunua bila neno, akanigusa bega. Mwingine akaniuliza kama watoto wanajua. Nikamjibu wanajua nini? Akaniambia, "Pole, mama," akaenda zake. Nilikasirika. Nikafunga duka mapema nikarudi nyumbani.

Nikakuta jumuiya nzima ya kanisa sebuleni kwangu. Katekista alikuwepo, amevaa vizuri, na mama Sara, mwenyekiti wetu wa jumuiya, ameshaanzisha rozari. Felisian amekaa katikati kwenye kiti chake, ameshika rozari ya watu, macho yamemtoka. Aliponiona alinitazama kama mtu anayetaka kuokolewa. Nikapiga magoti, maana sala haikatizwi. Walipomaliza, katekista akasema kwa upole kwamba padri yuko tayari kuja na mafuta ya wagonjwa wakati wowote, na kwamba mafuta hayo si ya kuogopwa.

"Nani mgonjwa?" Felisian akauliza.

Mama Sara akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Walipoondoka tuliachwa mimi na yeye na vikombe vichafu. Nikasema sasa basi.

"Felisian, hospitali walikwambia nini?"

"Mimi ndiyo nakuuliza! Walikwambia nini wewe? Walikuita pembeni?"

"Mimi sikuwepo hata!"

"Basi mbona kila mtu anajua, isipokuwa mimi? Mama Gody, kama ninakufa niambie. Mimi mwanaume, nitavumilia."

Nikagundua kwamba anafikiri mimi ndiye ninayeficha, na mimi muda wote nafikiri yeye ndiye anayeficha. Tukasimama pale jikoni tunatazamana kama wageni. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikujua kipi kitangulie. Nikalia. Nililia kwa sababu kwa siku kadhaa nilikuwa nimeshamzika mume wangu kichwani, nimeshapanga hata nani ale wapi, na yeye yuko hapa amevaa shati la mwanawe.

Asubuhi nikamfuata mama Sara mpaka kwake. Huyo mama ukimuuliza hakufichi.

"Mama Gody, wewe umetoka Butiama, labda kwenu siyo hivyo," akasema. "Lakini mzee wa huku akianza kuzungukia ndugu wote, nyumba kwa nyumba, hana msiba, hana harusi, hana anachodai, huyo anaaga. Baba yangu alifanyaga hivyo. Tena kwa mtumbwi. Na jana mzee wako kalala kwa Luhende anapimwa, watu wote wameona. Sisi tungeelewa nini?"

Nilimweleza habari ya benchi. Akaziba mdomo kwa mkono. Kisha akacheka mpaka akakaa chini, nami nikacheka naye, na nikarudi nyumbani mbio kumwambia Felisian kwamba hafi.

Nilimkuta na simu mkononi. Uso wake umebadilika.

"Nicolaus kapiga," akasema. "Pelagia anakuja. Kesho. Kasema nisijisumbue kwa mtumbwi, yeye ataniwahi."

Furaha yangu yote ikaniishia. Nilimweleza la mama Sara, na akalielewa mara moja, kwani ni mtu wa huko, na nilishangaa kwamba hakuliona mapema. Alisema, "Nilisahau. Nimekaa sana barabarani." Halafu akaketi. Tulikuwa na kitu alichokitaka miaka yote, na tulikipata kwa uongo ambao hakuna aliyeusema.

"Mpigie, mwambie u mzima," nikasema.

"Nikimwambia atageuza njiani."

"Basi lala. Jifunike blanketi, ugue siku moja tu. Nitakupikia uji."

Msinicheke. Nilimaanisha. Ningempaka hata majivu usoni kama ingemrudishia dada yake. Felisian akatoka, akaenda mwaloni, akarudi, akatoka tena.

"Sijui, Mama Gody," akasema. "Kweli sijui. Nikiwa mzima hanitaki. Nikiwa nakufa ananitaka. Sasa mimi niwe nani?"

Siku ile nilichukia ziwa, mbalamwezi, mgomba na kila kitu cha kwao.

Kesho yake mchana tulikuwa hatujaamua. Luhende alikuwa ameleta benchi, limesimamishwa ukutani barazani, limepigwa msasa vizuri, refu kama Felisian. Blanketi lilikuwa tayari kitandani. Lakini alisikia harufu ya sato, akaketi mezani, na mtu akishaketi mbele ya sato na ugali wa muhogo hawezi tena kuugua. Pikipiki ikasimama nje. Pelagia akaingia.

Ni mwanamke mrefu kuliko nilivyomkumbuka. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni kama wanavyojifunga msibani, ameshika kuku jike miguu. Aliona benchi barazani, akalipapasa kwa kiganja. Kisha akatazama ndani akamwona mdogo wake ameshika tonge, kidevu kinang'aa mchuzi.

"Unakula," akasema.

"Karibu, dada."

"Wameniambia huwezi hata kumeza."

Felisian aliweka tonge kwenye sahani. Nilimwona akitazama upande wa chumba cha kulala, kwenye lile blanketi. Kisha akainuka. "Siumwi, dada. Nina presha kidogo. Nilitaka kutembea tu ziwani, watu wakaelewa vingine. Na lile ni benchi."

Kuku alikuwa akipiga mbawa na Pelagia hasikii. Nikamchukua kuku. Nikamsogezea kiti, hakukiona.

"Usiku kucha nilikuwa naongea na wewe," akasema mwishowe. "Nilikwambia yote. Nikakulaani, nikakulilia, nikakusamehe, alfajiri nikapanda gari. Nilijiandaa kumsamehe mtu anayekufa, Felisi. Wewe mzima hivi sijakuandalia neno hata moja."

Akageuka kuelekea mlangoni. Nikasema kimoyomoyo, ningemfunika tu.

"Dada," Felisian akasema, "si ninakufa?"

Pelagia akasimama.

"Nihesabu nakufa. Na wewe je, hufi? Ila mimi nakufa taratibu. Labda mvua nyingi bado ziko mbele. Kama utasubiri nifike pale karibu kabisa ndiyo useme na mimi, utakuwa umekaa kimya bure miaka yote hiyo."

Alisema huku mkono wake wa mchuzi ameuning'iniza pembeni, hajui aufute wapi. Pelagia aliutazama mkono huo. Sijui ni nini alichokiona, labda mtoto aliyekuwa akimwogesha zamani. Alifungua ile khanga ya kiunoni, akamshika kiganja, akamfuta kidole kimoja baada ya kingine, kwa nguvu, kwa hasira kabisa.

"Ulimwacha mama huku ugenini," akasema.

"Niliogopa maji, dada. Niliogopa atazama, afe mara ya pili."

"Ungeniambia umeogopa. Ulisema barabara."

"Nilisema barabara."

Akaketi sasa. Akala sato wote waliobaki, na hakuniachia hata kichwa.

Kilichofuata walikipanga wenyewe, mimi nikisikiliza tu. Tulikwenda Kiabakari siku mbili baadaye, sisi watatu na katekista. Wakachota udongo kwenye kaburi la mama, kila mmoja kwa mkono wake, wakautia kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko, Pelagia akaifunga kwa khanga ileile. Alisema mgomba utakuwa umeshaoza, na mwenye nafasi yake aje alale.

Mwezi ulikuwa umekua. Tulishuka mwaloni asubuhi, upepo wa nchi kavu ukiwa bado unasukuma kuelekea majini. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walituona tumebeba benchi, wakauliza kama kawaida, safari ya nini. Felisian akajibu, "Tunampeleka mama nyumbani." Hakuna aliyeuliza tena. Waliinuka wote, wakavua kofia, wakasaidia kusukuma mtumbwi. Safari ya mume wangu iliyomchanganya kila mtu sasa ilieleweka mpaka na watu asiowajua.

Benchi liliwekwa katikati, egemeo upande wa mbele. Felisian hakulilalia. Ndoo iliwekwa juu yake, Pelagia akakaa ubavuni ameishika, na mume wangu akakaa chini kwenye mbao tupu na ule mgongo wake mbovu, na hakulalamika. Mimi wa Butiama nilipanda mwisho. Nilishika ukingo kwa mikono miwili.

Wenceslaus alikuwa amefunga na mashine nyuma, kwa tahadhari. Tulipotoka kidogo akaishika kamba, akasema, "Dada Pelagia, niwashe? Tukiwasha mchana huu tunafika."

Pelagia alikuwa akitazama ufuko. Felisian naye alikuwa akiutazama, mawe makubwa, mihogo, watoto wanaooga, nyumba ya bati, nyumba nyingine ya bati.

"Acha mashine," Pelagia akasema. "Pandisha tanga. Mama hana haraka."